Dawati la Kukulia

Benchi letu liko nje ya karakana ya Lusweti, hapa Kakamega, karibu na birika la kahawa la Kageha. Lusweti ni fundi wa mbao na tunamwita Tepu, kwa sababu tepu ya kupimia haimtoki kiunoni. Masinde anauza dawa ya panya, basi ni Daktari. Wiki nzima tulikuwa tunamhurumia Chrispinus wa bodaboda. Binti yake Nafula anachoka akiandika mistari miwili tu, na mwalimu alikuwa amesema huenda akarudishwa nasari.

Leo Chrispinus alisema kabla hajaketi:

— Harudi nasari. Anabaki Gredi Wani.

Nilifurahi kama vile ni wangu. Akatueleza kwamba therapisti wa hospitali alikuja akakaa darasani asubuhi yote akiwaangalia watoto. Akampa Nafula udongo wa kufinyanga ili vidole vipate nguvu, halafu akamwekea kreti ya soda chini ya miguu.

— Kreti ndiyo dawa, Daktari alisema. Mishipa ya mguu inaungananga na ya kichwa. Ukikanyaga kreti, damu inapanda kwa akili.

— Si damu, Tepu akasema. Ni baridi ya simiti. Hiyo baridi inaingianga kwa kisigino inatokea kwa kalamu.

Daktari akataka kila mbunge apewe kreti yake.

— Wacheni, Chrispinus alisema. Miguu ilikuwa inaning'inia. Mkono moja anajishikilia asianguke, ingine anaandika. Si lazima achoke?

Hapo akauliza Jerotich, mgeni aliyekuja kuchukua stuli yake:

— Hizo madawati nani alitengeneza?

Tukaangalia vikombe vyetu.

— Ni mimi, Tepu alisema. Kamati ya wazazi ilisema nitengeneze kubwa, watoto wakue nazo. Kama sare.

Tukatikisa vichwa. Nani hapa hajamnunulia mtoto sweta inayofika magotini?

— Lakini akikua, Jerotich aliuliza taratibu, si atakuwa ametoka hiyo darasa?

Daktari akanyoosha kikombe chake. Kageha aliinamisha birika na likatoa matone tu. Tepu akaingia karakana, akatoka na msumeno.

— Panda, Chrispinus alimwambia, akiwasha pikipiki. Hawajafunga shule.