Wajukuu wa Morisi

Kijiwe chetu kipo Makambako, pembeni ya barabara iendayo Njombe, jirani na wanapopakia viazi. Ni benchi moja la mbao za paini lililoegemea ukuta wa duka la vipuri, na ikifika mwezi wa saba unalikalia ukiwa na makoti mawili na bado unatetemeka. Kahawa ni ya Fahadi, aliyekuja kutoka Pangani kwa biashara ya muda mfupi, akaoa hapa, na sasa anakohoa kama sisi wenyeji. Wa kudumu ni Elius, tunayemwita Bunge kwa sababu hoja zake hazifikii mwisho. Linus, mnunuzi wa viazi, tunayemwita Lumbesa kwa kuwa habari zake huzijaza kupita mdomo wa gunia. Na mimi, fundi viatu, mwenye haki ya kuwasema wote maana benchi ni langu.

Asubuhi hiyo Linus alikuja na simu mkononi na uso wa mtu aliyenyimwa usingizi. Mwanawe Ronald, aliyeko Dar, alikuwa amemtumia video ya hifadhi moja ya huko pwani. Tulibanana kuitazama. Mchanga mweupe, bahari nyuma yake, na farasi wafupi, manyoya marefu, wanatembea wenyewe bila mtu wala kamba. Ronald alisema ni farasi walioachwa na wazungu wa zamani, wakazaana, wakageuka wa porini. Alitaka mwezi wa tisa familia nzima iende kuwaona, na babu yake akiwemo.

– Familia nzima si tatizo, Linus akasema. Tatizo ni dada yangu.

Dada yake ni Lidia, anaishi Njombe, na ndiye anayemtunza baba yao, Mzee Tarsis. Lidia alishakataa. Mzee ana kifua, umri umekwenda, joto la pwani litammaliza. Jumapili baada ya misa walikuwa wakutane kwake kulimaliza jambo hilo, na alikuwa amemwambia Linus hivi: niletee sababu moja ya maana ya kumtoa baba kitandani mpaka baharini, nami nitamfungia mzigo mwenyewe.

– Na sababu unayo? nikamuuliza.

– Ninayo. Hao farasi ni wajukuu wa Morisi.

Hapo ikabidi Fahadi aongeze kahawa, na Linus akatusimulia. Baba yake alikuwa mtunza mifugo wa misheni moja upande wa Njombe. Ndiye aliyewafundisha kulima maksai wa misheni, na wa nusu ya vijiji vya Wanging'ombe pia. Lakini mnyama aliyempenda kuliko wote ni Morisi, farasi mfupi wa rangi ya udongo, ambaye padre alimpanda kwenda vigangoni wakati wa mvua, barabara zikiwa hazipitiki. Jioni mzee aligonga debe la mahindi na kumwita kwa Kibena, na Morisi alikuja mbio kutoka bondeni, ukungu ukimfunika miguu. Linus alipandishwa mgongoni mara moja tu, akiwa darasa la kwanza. Hadi leo, akisikia harufu ya majani mabichi yaliyoloa, anasema anajiona yuko juu kule, ameshikiliwa kiuno na mikono ya baba yake.

Kisha misheni ikapata Landrova, na Morisi akapakiwa kwenye behewa la mizigo, hapahapa stesheni ya Makambako. Kisa cha kupelekwa pwani hakuna aliyekieleza. Mzee Tarsis aliingia naye behewani, akakaa humo mpaka mlinzi wa treni alipomtoa. Yeye na Linus walirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima mzee alibeba lile debe tupu.

Sikumtania Linus hapo. Mimi nami ninayo stesheni yangu moyoni, ya watu na si ya farasi.

Elius ndiye aliyetuokoa, kwa kuanza ujinga. Alisema kwanza tuthibitishe kama Morisi alifika kweli. Kwa maoni yake farasi yule aliruka treni ikiwa kwenye mteremko, akafuata mto mpaka baharini, maana mto wowote lazima ufike baharini.

– Wa kwenu Ludewa unaishia ziwani, Fahadi akamwambia.

– Basi akafuata mwingine. Farasi si mjinga.

Fahadi akadai kwamba huko kwao wazee walisema farasi wa pwani hawanywi maji ya kisima, wanalamba umande na chumvi, na ukimpanda bila ruhusa anakupeleka mpaka Pemba. Tulipomuuliza kama amewahi kuwaona, akasema shangazi yake aliwahi kumfahamu mtu aliyewaona. Elius akapokea hapohapo. Akasema farasi wenye asili ya Njombe watajulikana tu: wakisimama wanaelekeza kichwa huku milimani, na wakisikia honi ya treni wanalia.

Mimi, kwa kuwa sipendi kuachwa nyuma, nikasema njia ya uhakika ni salamu. Mzee Tarsis asimame pale mchangani aseme "kamwene". Atakayegeuka ndiye mjukuu.

– Haswa, Linus akasema, na macho yake yaling'aa kweli. Na debe ninalo. Nimeliona juzi kwa Lidia, amepandia maua. Nitamwaga udongo niende nalo.

– Mzee mwenyewe umemwonyesha? Fahadi akauliza.

Linus alikuwa amemwonyesha. Tangu mama yao, Teodora, afariki, mzee alikuwa haongei zaidi ya kuitikia sala. Lakini juzi hiyo aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na pua.

– Nikamwambia, baba, hawa ni wajukuu wa Morisi. Akacheka. Jamani, baba yangu alicheka mpaka akafuta machozi kwa shuka. Halafu akaniuliza tunakwenda lini.

Elius akasema sababu hiyo imekamilika, Lidia hana pa kutokea. Tukaanza kupanga. Mzee akae mbele, dirisha lifungwe mpaka Mikumi, koti asivue mpaka aone minazi. Tulikuwa tumeshafika kwenye chakula cha njiani wakati mama mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya begi lake akisubiri gari la Ludewa, alipojisogeza kuomba kikombe. Fahadi akampa. Alikunywa nusu, akatutazama mmoja mmoja kwa upole.

– Samahanini, baba zangu. Huyo farasi wa padre alikuwa dume kamili, au alikuwa maksai?

Mimi ninalimia maksai. Elius analimia maksai. Hapa kwetu hata mwanafunzi anajua kwamba mnyama wa kazi huhasiwa mapema ndipo atulie, na mpole wa kubeba padre kwenye matope hakuupata upole ule bure. Na mnyama aliyehasiwa haachi wajukuu. Tulikuwa tumempa Morisi ukoo mzima, na swali la kwanza kabisa halikumpitia yeyote kichwani.

– Sijui, Linus akasema mwishowe. Nilikuwa mtoto.

– Aliyemhasi atajua, mama akasema. Misheni kazi hiyo ilikuwa ya nani?

Wote tulijua ilikuwa ya mtunza mifugo. Gari la Ludewa likapiga honi, mama akarudisha kikombe, akashukuru, akaondoka na begi lake. Fahadi alitikisa birika, lilikuwa tupu.

Niliona aibu kwa niaba ya Linus, na huruma pia. Alikaa akiitazama simu iliyozimika.

– Kwa hiyo alijua, akasema taratibu. Ninamwambia wajukuu wa Morisi, naye anajua.

– Ndiyo maana alicheka, nikamwambia.

– Sasa Lidia utampelekea sababu gani? Elius akauliza, na kwa mara ya kwanza hoja yake ilikuwa fupi.

Linus alibonyeza simu, akaiweka sikioni, akasimama akiwa ameipa barabara mgongo. Hakusubiri Jumapili.

– Kamwene, dada. Hapana, farasi wale si wajukuu wa Morisi kama nilivyomwambia baba, niliongopa bila kujua. Sikiliza. Baba ameuliza tunakwenda lini.