Bi Foleni na Ripoti Arobaini na Sita

Miaka thelathini na tatu, miezi miwili na siku kadhaa. Huo ndio muda alioitumikia idara yetu ya ukaguzi wa maji huyu mama tunayemwita Bi Foleni, na Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu. Nimepewa mimi kuandika habari zake katika jarida la wafanyakazi kwa sababu ndimi mkaguzi mkongwe kuliko wote. Mimi mwenyewe nilishastaafu, wakashindwa kuzijua valvu zangu, wakanirudisha kwa mkataba. Shule niliishia darasa la nne, lakini hakuna bomba mji huu nisilolijua kwa mlio wake. Afisa utumishi ameniambia niandike kifupi, kitamu, bila mambo ya zamani. Kifupi sikuahidi. Na mambo ya zamani ndiyo ninayoyajua.

Alianza hapa kama karani wa kuchapa. Sisi tulikuwa tunapima dawa ya klorini kwenye mabomba ya mitaani na vyumba vya pampu, tunaandika kwenye daftari, tunamletea daftari limelowa. Mwandiko wangu alikuwa anausoma yeye peke yake duniani. Hata mimi nilikuwa nakwenda kumuuliza nimeandika nini. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizifunika kitambaa zisipate vumbi. Yeye akafunua. Akajifunza kutengeneza programu, kwanza za kompyuta, kisha za simu, umri umeshavuka arobaini. Watu wakacheka: samaki mkunje angali mbichi, huyu keshakauka. Samaki mkavu akakunjika. Waliocheka leo wanapanga mstari mlangoni kwake na simu zao mkononi.

Naeleza kazi yake kwa sababu wengi hawaijui, na baadhi yao ni wakubwa. Mkaguzi akimaliza kupima anajaza ripoti kwenye simu, anabonyeza "Tuma", anatia simu mfukoni, anashika njia. Vyumba vyetu vya pampu viko chini ya ardhi, mtandao hamna. Basi ripoti inakaa kwenye simu inasubiri. Mkaguzi anatembea, kioo kimezimika, anawaza mambo yake ya nyumbani, na simu huko mfukoni ikiupata mtandao inaituma ripoti yenyewe. Hizo ndizo kazi za chinichini. Zikienda vizuri huoni kitu. Mkuu wetu mmoja alimwambia, "Mama, kila siku uko bize, mbona sioni kitufe kipya?" Naye akajibu, "Iache ikae foleni, mkuu. Itafika." Jina likamganda hapo.

Kumbe simu nayo ina ukaidi. Ikiona chaji inapungua, inailaza programu usingizi bila kumwambia mtu, na kila aina ya simu ina wazimu wake. Bi Foleni alikuwa na droo ya simu kumi na moja, nyingi zimepasuka kioo, masalia yetu tulipobadilishiwa. Kila akigusa kitu kwenye programu, anazitia zote kwenye kikapu, anateremka chumba cha pampu, anatuma ripoti kutoka huko, anazizima, anapanda ngazi sitini na mbili, anaziwasha, anakaa kizingitini anamenya chungwa, anangoja alama ya kijani. Zikifika nane na tatu zisifike, anarudi ofisini hasalimii mtu. Na mimi simlaumu. Nimewahi kupanda zile ngazi nikiwa na kipimo tu, sembuse kikapu.

Mkuu yule yule akatoa amri programu isilale kabisa, iwe macho saa zote. Bi Foleni akakataa mkutanoni. "Ni amri, mama." "Sawa mkuu, tuanze na simu yako." Kufika saa sita mchana simu ya mkuu ilikuwa ya moto kama pasi. Saa saba ikazima akiwa katikati ya kujieleza kwa mkewe, na mkewe akadhani amekatiwa makusudi. Amri ikafa siku hiyo hiyo.

Si kwamba hakuwahi kukosea. Zamani programu yake ikikosa jibu la ofisi ilikuwa inatuma tena, na tena. Bomba moja la sokoni likaripotiwa mara saba. Mkemia wa zamu akapeleka magari mawili, madereva wakakutana bombani, huyu "Hili langu!", huyu "Lako tangu lini?", wakakamatana mashati mbele ya wauza nyanya. Bi Foleni alicheka mpaka machozi. Kisha akaipa kila ripoti namba yake, ikija mara ya pili ofisi inaitambua na kuiacha mlangoni.

Sasa nafika penye mfupa.

Miaka tisa iliyopita ripoti arobaini na sita za upande wa bondeni zilipotea. Klorini ilikuwa imeshuka siku nne mfululizo. Wakaguzi wamepima, wameandika, wamebonyeza, wanadhani ofisi inajua. Ofisini zimefika chache tu, nazo za mabomba mazuri, ofisi inadhani maji ni salama. Shule moja ikafungwa, watoto wanajikunja kwa matumbo. Tunashukuru hatukuzika mtu.

Ilikuwa hivi. Kwa programu ya wakati ule, ukizifuta kwa kidole programu zote zilizo wazi kwenye simu, ile kazi ya chinichini inakatwa, na ripoti iliyokuwa inasubiri inapotea moja kwa moja. Bi Foleni alikuwa ametubandikia karatasi ukutani: usifute mpaka uone kijani. Lakini palikuwa na mkaguzi mmoja mjuaji. Yeye aliwafundisha wenzake kwamba simu ni kama nyumba, lazima ifagiwe kila baada ya kazi, ndipo chaji ikae. "Karatasi ile ni ya waoga," aliwaambia. "Simu yangu mimi inakaa siku mbili, yenu je?" Bondeni kote watu wakawa wanafagia.

Mkaguzi huyo ni mimi.

Tuliitwa mkutanoni, watu kumi na tisa. Mkuu akauliza ni nani aliyewafundisha watu mchezo ule. Wenzangu wakatazama meza, wananihifadhi. Na mimi, ambaye mdomo wangu haujapata kufungwa tangu nizaliwe, siku hiyo niliufunga. Nilikuwa nimebakiza miezi kumi nistaafu. Bi Foleni alinitazama, akajua. Akasema, "Programu ni yangu. Kama inakufa kwa kidole cha mtu, kosa ni la mwenye programu."

Ikaamuliwa aandikiwe barua ya onyo. Nilimkimbilia kwenye korido nikamwambia narudi ndani kusema. Akanishika mkono. "Kaka, wewe watakufukuza. Mimi wataniandikia karatasi tu. Nyamaza. Ila hicho kidole chako kikome."

Wiki sita zilizofuata aliisuka upya programu yote. Tangu hapo ripoti inaandikwa kwanza ndani ya simu, penye kina, kabla ya jambo lolote. Fagia utakavyo, zima, simu ikudondoke betri iruke huko. Ukiiwasha na kuifungua programu inaendelea pale ilipoachia. Kufagia hakukukataza. Alisema mtu aliyezoea ufagio usimnyang'anye, weka vyombo mahali ufagio haufiki. Miaka tisa haijapotea ripoti hata moja. Hata moja! Nani mwingine katika jengo hili ana kazi ya kujisifia hivyo? Nami najisifia kila siku, kwa hiyo najua.

Lakini ile karatasi aliyoiita karatasi tu ilimla. Mara mbili aliomba ukuu wa kitengo, mara mbili walifungua faili, wakaiona, wakafunga. Na wiki iliyopita kamati ya kumuaga imeambiwa kwamba Cheti cha Utumishi Safi hatapewa. Faili lina doa.

Doa ni langu. Nilipaswa kusema miaka tisa iliyopita, nikaogopa. Sasa siogopi. Katibu muhtasi anayenichapia haya nimemkalia ubavuni asipunguze hata nukta. Barua ile itolewe kwenye faili lake iingizwe kwenye langu, na pale palipoandikwa uzembe wa mtengenezaji paandikwe ujuaji wa mkaguzi. Mkataba wangu una miezi saba. Mkitaka kuukata, kateni. Mkisema mambo haya yamepitwa na wakati, basi mniambie kwa nini barua haikupitwa.

Ijumaa saa nane mchana tutakuwa ukumbini. Yeye hajui nimeandika haya. Akisoma atanigombeza, nami nitainamisha kichwa nigombezwe, jambo ambalo hakuna mkuu aliyewahi kulipata kwangu. Afisa utumishi, njoo na cheti chake, au njoo na barua yangu ya kufukuzwa. Ukija na vyote viwili ni sawa pia. Mikono mitupu usije. Nitakaa kiti cha mbele, na wenzangu wa bondeni wameniahidi watajaza viti vilivyobaki.

Dada yetu, asante. Mimi nilitoka kazini kwa heshima kwa sababu yako, na wewe hutatoka hapa kwa heshima pungufu ya ile uliyonipa. Uende na afya, ucheke sana, uishi miaka mingi na myema.