Pothen Kuruvila na Malimau ya Getini

Ndugu waombolezaji, aliyelala mbele yetu ni Pothen Kuruvila, muundaji wa makombora, mtu aliyekuwa akiogopa fataki.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Kozhencherry, Kerala, mtoto wa kwanza wa Mzee Kuruvila, mkulima wa miti ya mpira, na mkewe Rahelamma. Alisoma shule ya parokia, kisha uhandisi mjini Trivandrum. Akiwa shuleni alitengeneza fataki ya sikukuu ya kanisa. Ikageuka hewani ikaunguza mwavuli wa padri. Padri akamwambia, "We Pothen, siku nyingine ujue kwanza inakwenda wapi, ndipo uwashe!" Tangu hapo hakutaka kujua jambo jingine duniani.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye maabara ya makombora hapa Hyderabad. Kombora la zamani lilijazwa mafuta kwa saa nyingi kabla ya kurushwa. La kina Pothen lilikaa na mafuta yake makavu tumboni, juu ya lori, likingoja amri tu. Kwenye majaribio ya kwanza lilikosea shabaha kwa upana wa kitongoji. Alipostaafu mwaka 2018, liliweza kuchagua nyumba kilomita elfu mbili kutoka hapa. Akatunukiwa nishani, akaifungia kabatini.

"Mama Jeena," alimwambia mkewe, "zile saa za kujaza mafuta, wakubwa walizitumia kupoza hasira. Mimi ndiye niliyeziondoa."

Alimwoa Aleyamma, muuguzi, mjini Kottayam tarehe 10 Januari 1987, wakajaliwa binti mmoja, Jeena. Walikaa mkabala na geti la maabara. Aliponunua pikipiki, kwanza alikanyagisha tairi limau, kama majirani wote wanavyofanya na chombo kinachoanza safari, ili kufukuza mkosi.

"Msomi mzima, na mzee wa kanisa!" Aleyamma akamtania.

"Cheka tu. Hata lori letu la kombora litakanyaga. Kwenye majaribio linakwenda kwa treni. Ukiona malimau getini, ujue limekwenda kazini kweli."

Februari mwaka huu wa 2024 alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Ugomvi wa mpakani ulipopamba moto tulimwondolea televisheni na magazeti. Kila asubuhi, mkewe akirudi kununua maziwa, alimuuliza neno moja tu kuhusu kombora lake: "Limelala?"

"Limelala, Baba Jeena. Kunywa chai."

Jumanne iliyopita, tarehe 17 Septemba, Aleyamma alikuta malimau yamepondeka getini, maji yake hayajakauka. Akaingia ndani na maziwa yake.

"Limelala?"

"Limelala."

"Hakika?"

"Fofofo. Kunywa chai."

Akatabasamu, akafumba macho. Chai ilikuwa bado moto alipokata roho.

Shemeji yangu Aleyamma hakuwahi kumdanganya mumewe hata siku moja kabla ya hiyo. Ameniomba niyasome haya kwa sauti kwa sababu hawezi kuyabeba peke yake, na mimi nimeogopa tangu aliponiambia. Tumepita pale getini kila siku. Lori halijarudi.

Marehemu ameacha mjane, Aleyamma, binti, Jeena, mdogo wake, Varkey, ndiye mimi ninayesoma, na lori moja ambalo hakuna anayetuambia limeegeshwa wapi.

Kaka, lala salama. Na ulichokiunda, Mungu akirudishe kulala.