Karatasi ya Tingatinga

Pale Kamenu, kando ya birika la Ruqayya muuza chai, aitwaye pia Mama Samir, kuna benchi ambalo Erastus akilikalia, wenzake wanasukumwa mpaka ukingoni. Jamaa ni mnene haswa, wakamwita Tingatinga, na ole wako umwambie apunguze. Hutoa mfukoni karatasi ya hospitali aliyoitia nailoni kama kitambulisho: presha sawa, sukari sawa, moyo sawa. Wewe mwenye mdomo, toa yako tuone.

Asubuhi hiyo msomaji wa karatasi alikuwa Mwas, fundi wa viatu, mwembamba hadi mshipi unamzunguka mara mbili.

— Rudia hapo kwa sukari, Tingatinga akasema, akipokea gilasi ya maji.

— Sukari hakuna. Ngai! Na mimi na wembamba huu niko na presha!

— Si nilikwambia? akadakia Muasya, aliyebandikwa jina Profesa kwa kusoma gazeti la juzi. Kuna mafuta ya kununua na mafuta ya kuzaliwa nayo. Hayo ya kuzaliwa nayo hulinda moyo.

— Wacha!

— Tena mtu mnene mishipa yake ni barabara kuu. Yako, Mwas, ni vichochoro. Lazima damu isongamane.

— Kwa hivyo niongeze chapati?

— Ongeza, lakini pole pole. Huyu Tingatinga hata malaria ikimwingia inachoka njiani.

Wakacheka. Tingatinga akacheka kuwashinda, akaomba maji tena. Tangu Pasaka ni hivyo tu: maji, choo, maji, choo. Mkewe Kanini alimsihi akapimwe sukari tena, naye akamwonyesha karatasi. Mtu akishapita mtihani anaurudia wa nini? Hivyo ndivyo alivyomwambia. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa.

Nakhumicha, mpangaji mpya wa ploti ya nyuma, alikuwa amekuja kununua mandazi. Akaomba aione hiyo karatasi inayosifiwa, akaisoma toka juu.

— Lakini wazee, hii ni ya tisini na moja. Si tuko tisini na nane? Ya mwaka huu iko wapi?

Profesa akachungulia kikombe chake. Mwas akakumbuka kuna soli ya kushona. Tingatinga akafungua mdomo amjibu, ulimi ukagoma, mkavu kabisa.

— Mama Samir, akasema kwa shida, niongezee maji kidogo.

Ruqayya alishika jagi, akamtazama.

— Hiyo ni gilasi ya tano tangu ukae, baba, akasema, na hakumimina.