Bi. Nadine Overholt na Saini ya Pili

Ijumaa ya tarehe 30 Mei, saa kumi jioni, Bi. Nadine Overholt atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Maabara ya Silaha ya Kaunti ya Marlow, hapa Ohio, kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi saba, ametazama maganda ya risasi yasiyopungua elfu sitini, na amechelewa kazini mara moja tu, siku ambayo kulungu aligonga gari lake. Mkurugenzi wa sasa ameniomba niandike habari zake kwa aya mbili, ziwe za furaha, na nisimtaje Lamar Teasley. Kwenye furaha nitajitahidi.

Bi. Nadine aliajiriwa Januari 1992 kama karani wa kupokea bahasha. Bahasha zilikuwa nyingi na wachunguzi walikuwa wawili, mmoja wao akiwa haoni vizuri jicho la kushoto, jambo ambalo kwa mtu wa hadubini si dogo. Akasoma kemia masomo ya jioni kwa miaka sita, akafaulu, akakabidhiwa kiti cha yule mwenye jicho bovu. Kiti hicho hajakibadilisha hadi leo, ingawa kimeshonwa mara nne.

Kwa wenzetu wa idara ya barabara na wa leseni za mbwa, wanaosoma jarida hili kwa sababu ya ukurasa wa maegesho, nieleze kazi yetu kwa ufupi. Bastola ikipigwa hutema ganda, na kwenye kitako cha ganda hilo huacha alama zake, kama kidole kinavyoacha alama kwenye bilauri. Mashine hupiga picha ya alama hizo, hutafuta zinazofanana nazo katika ghala lake, kisha hutoa orodha. Mashine haisemi ndiyo wala hapana. Anayesema ni binadamu, akishatazama kwa macho yake.

Kaunti yetu ina vituo kumi na sita vya polisi, kila kimoja cha mji wake na kila kimoja kikijitegemea. Mji wa Bright Fork, wenye taa moja ya barabarani, una mkuu wa polisi, askari mmoja na mbwa, na mbwa ndiye mwenye cheo cha sajini. Vituo hivi havisemezani. Zamani kila kimoja kilituma maganda yake kwa posta na jibu lilirudi baada ya miezi kumi na moja, mpelelezi akiwa ameshastaafu au mtuhumiwa ameshakufa kwa uzee.

Mwaka 2009 Bi. Nadine akaanzisha Jumatano ya Mlangoni. Askari wa mji wowote anakuja bila miadi, anachukua namba, anakaa, anapata jibu siku hiyo hiyo. Mkuu wa polisi wa Pickett Falls alidai chumba cha peke yake, maana siri za mji wake ni nzito. Bi. Nadine alimwambia: "Viti ndivyo hivyo, Mkuu. Ukitaka faragha, choo kipo kushoto." Jumatano ya kwanza kabisa wapelelezi wawili walikaa bega kwa bega, wakaanza kulalamikiana kuhusu kesi zao, na kumbe kwa miaka minne walikuwa wakiitafuta bastola moja. Miji yao imetenganishwa na barabara yenye duka la donati. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini hawakusema lazima kwanza uwakalishe hao wengi kwa nguvu.

Sasa kuhusu saini. Kanuni yetu inataka wachunguzi wawili watie saini, na wa pili atazame bila kuambiwa wa kwanza ameona nini. Kanuni hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa ikatundikwa ukutani, na tumeiheshimu kwa kuipangusa vumbi kila Desemba. Nimewahi kuona saini ya pili ikitiwa na mtu mwenye mkate mkononi, karatasi ikiwa juu ya boneti ya gari. Bi. Nadine peke yake ndiye aliyefunga mlango, akazima simu na kukaa na kazi siku mbili. Tulimwita Bi. Kesho Kutwa. Alijua na hakujali.

Mwaka jana, mwaka wa uchaguzi, Sherifu wetu, mkuu wa usalama wa kaunti ambaye hupigiwa kura, alipata zawadi. Tangu Januari hadi Machi, maganda ya bastola moja yaliokotwa kwenye matukio tisa katika miji sita. Sherifu aliita waandishi wa habari, akaning'iniza ramani, akampa mhalifu jina: Mzimu wa Marlow. Watu wakaanza kufunga milango ambayo haikuwahi kuwa na komeo. Katika mojawapo ya matukio hayo mtu aliuawa, na kwetu hilo ni kifungo cha maisha.

Aprili, Lamar Teasley, fundi wa mapaa, alisimamishwa barabarani kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake ilikuwa haiwaki. Alikuwa na bastola, iliyonunuliwa kihalali, na karatasi zake zote. Ilikuwa ya aina ileile ya Mzimu. Ilipopigwa kwa majaribio na ganda lake kuingizwa kwenye mashine, maganda yote tisa ya Mzimu yalikuja juu kabisa ya orodha.

Mchunguzi wa kwanza nilikuwa mimi. Sherifu alisimama nyuma yangu na mtu wa kamera, akaniita "daktari." Mimi si daktari. Niliinama kwenye hadubini kwa muda wa kunywa kahawa, nikaona nilichotakiwa kuona, nikaandika kwamba ndiyo yenyewe. Jioni nilijitazama kwenye televisheni na mke wangu, na nilifurahi. Usiku huohuo Teasley alilala mahabusu. Saini yangu ilitosha kumweka ndani. Ya kumfikisha kizimbani ilikuwa ya Bi. Nadine.

Siku ya kwanza hakusaini. Siku ya pili hakusaini. Siku ya tatu Sherifu alikuja mwenyewe.

"Bi. Nadine, mashine imesema, na mwenzako kasema. Unangoja malaika?"

"Nangoja macho yangu, Sherifu. Yana miaka sitini na moja, hayakimbii."

"Watu wana hofu, mama. Wanataka jibu."

"Jibu ninalo. Wewe ndiye hulitaki. Si bastola hii."

Alieleza, na nilikuwa nimesimama palepale mlangoni. Bastola zilizotoka kiwandani pamoja huzaliwa na mikwaruzo mikubwa inayofanana, kama viatu vya kalibu moja vinavyoacha nyayo zilezile. Inayotofautisha bastola na bastola ni ile midogo inayokuja kwa matumizi, na hiyo haikulingana. Mkurugenzi alipendekeza saini itafutwe kwingine, na akagusia kwamba Jumatano ya Mlangoni inaweza kufungwa kwa kukosa bajeti. Bi. Nadine akasema watafute wanayemtaka, ila naye ataandika barua kueleza kwa nini amekataa, na barua hiyo wakili wa Teasley ataisoma.

Baada ya hapo alikuja ofisini kwangu na vikombe viwili vya kahawa. Nilijua nitaaibishwa. Aliweka picha za maganda mbele yangu akasema tu, "Tazama tena. Nina muda." Nikatazama. Nilichokiona asubuhi ile kilikuwepo pia siku ya kamera.

Lakini kama si Teasley, ni nani? Bila Mzimu mwingine, Sherifu hakuwa tayari kumwachia mtu. Hapo ndipo Bi. Nadine alipouliza swali ambalo miji sita na ramani moja havikuuliza. "Mzimu gani huyu," alisema, "anayehudhuria kila ugomvi, watu wakirushiana risasi ishirini, yeye anapiga moja tu kisha anakwenda zake?" Maana katika kila tukio, ganda la Mzimu lilikuwa moja.

Jumatano iliyofuata alitoka akasimama mbele ya viti, askari wa miji yote wakiwa na namba zao na donati zao. Vuli ya mwaka uliotangulia Sherifu alikuwa amegawa bure masanduku ya bluu ya kukusanyia ushahidi, yenye picha yake akitabasamu kwenye mfuniko. Bi. Nadine akauliza nani wamelitumia sanduku hilo kwenye matukio ya Mzimu. Ikanyooka mikono sita, mmoja na donati.

"Mlipofika kituoni mlifanyaje?"

"Tulimimina yote mezani, Bi. Nadine," alisema Gus Lindquist, askari wa Bright Fork, yule wa mbwa.

"Na bahasha ya chini isiyoandikwa kitu?"

Gus akakuna shingo. "Nilidhani yangu, nimesahau kuiandika. Nikaiandika."

"Hata mimi," akasema mwingine, kwa sauti ya kanisani. Wengine wanne wakatazama viatu.

Mambo yakawa wazi. Masanduku yalikuwa yametumika kwanza kwenye mafunzo ya manaibu wa Sherifu, wakiokota maganda nyasini, na yalipobandikwa picha hakuna aliyekumbuka kuyamwaga. Katika kila sanduku ilibaki bahasha moja ya mazoezi yenye ganda moja, na kila askari, badala ya kukiri kwamba ana bahasha asiyoijua, aliijaza tarehe na mtaa kwa mwandiko safi. Bi. Nadine akaomba bastola ya mafunzo. Naibu aliyeileta alipewa namba ishirini na mbili, akasubiri saa mbili. Safari hii mimi nilikaa nayo siku tatu, na saini zote mbili zilikubaliana. Kikulacho ki nguoni mwako. Mzimu alikuwa akiishi kabatini kwa Sherifu.

Maganda mengine ya tukio la mauaji yalitufikisha kwa mtu mwingine, ambaye amekiri. Sherifu aliwatangazia wananchi kwamba tishio la Mzimu limekwisha, na akachaguliwa tena kwa asilimia sitini na moja. Ni kweli, tangu hapo Mzimu hajapiga risasi hata moja. Teasley aliachiwa baada ya siku sitini na nne. Siku yake ya arobaini mahabusu, baba yake alizikwa, naye aliomba ruhusa ya saa tatu akanyimwa, kwa sababu ya hatari aliyokuwa nayo kwa umma. Hatari hiyo ilikuwa saini yangu.

Nisimalize kama nasoma hukumu. Bi. Nadine ana vita ya miaka kumi na kindi wanaoiba chakula cha ndege bustanini mwake, na anashindwa. Huimba kwaya ya Walutheri katika sauti ambayo mwalimu wa kwaya bado hajaipatia jina. Anahamia kwa dada yake kando ya Ziwa Erie. Sherifu mwenyewe atamkabidhi ngao ya heshima siku ya Ijumaa, kuna keki, na wote mnakaribishwa.

Nilimpigia simu Lamar Teasley kumwalika. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwambie yule mama asante. Mwambie namwombea kila Jumapili, yeye na macho yake. Ila kuja siji." Akauliza: "Na wewe ndiye uliyetia ile ya kwanza?" Nikasema ndiyo. "Basi usinipigie tena."

Bi. Nadine, maneno ya mwanzo ni yako, nayaleta kama yalivyosemwa. Ya mwisho ni yangu na nimeyapokea. Tangazo la nafasi ya mchunguzi wa pili limekaa ubaoni wiki sita na hakuna aliyeomba. Kwa niaba ya wote tunakushukuru. Uende na afya, uwe na siku nyingi njema huko ziwani, na upate usingizi mzuri ambao baadhi yetu hapa hatuustahili.

Elden Pohlman
Mchunguzi wa Kwanza