Siku Akina Mama wa Werugha Walipomrudisha Mgonjwa

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, viongozi wetu wa dini, Mzee Mansur na jamaa zako wote wa Voi, wauguzi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo? Hamjambo tena, maana huko nyuma sikuwasikia!

Mimi ni Mwalimu Noah Mwandawiro, mwenyekiti wa kamati ya hospitali hii. Leo, mwaka huu wa 1999, tunamuaga Daktari Safaa Mansur, anayekwenda Nairobi kuwafundisha madaktari wenzake upasuaji wa matundu madogo. Mmenipa kazi ya kumsifu. Mngejua nilivyompinga, mngempa mtu mwingine.

Miaka mitano iliyopita alituletea kamera nyembamba kama penseli, aliyoazimwa na walimu wake kwa miezi mitatu tu. Akatueleza kwamba tumbo linatobolewa matundu manne, kamera inaingia, na daktari anatazama televisheni huku mikono yake ikifanya kazi. Nikamuuliza mbele ya kamati nzima, "Binti yangu, hapa ni hospitali au sinema?" Watu wakacheka, na kicheko kile kilinipendeza. Nikaandika kwenye kumbukumbu: ombi limekataliwa. Yeye akasema tu, "Sawa, Mwalimu. Basi mashine nitairudisha mapema, mwisho wa mwezi huu."

Je, mnadhani nyongo ya mtu inasubiri kamati? Wiki ya mwisho ya mwezi huo, mke wangu Tryphena alishikwa na maumivu chini ya mbavu mpaka akashindwa kusimama. Alikuwa na mawe kwenye nyongo. Dada yake alipasuliwa kwa ugonjwa huo huo, kidonda kirefu kikaoza, tukamzika. Niliogopa, ndugu zangu, niliogopa sana. Tryphena ndiye aliyeamua. "Baba Wendy, ile sinema yako bado ipo? Basi mimi naingia."

Asubuhi hiyo nikawakusanya wanakamati, nikawaomba waruhusu kile nilichowafanya wakikatae. Wakaruhusu. Nikakaa kwenye benchi la nje, nikiwa sina la kuchekesha.

Siku ya pili mke wangu akatoka kwa miguu yake. Sasa, kwetu Werugha mtu akipasuliwa, akina mama wa kanisa hugawana zamu ya kumkamulia ng'ombe na kumchotea maji, wiki mbili kamili. Walipomwona Tryphena anashuka garini, nao wameshika ndoo, wakajua moja tu: ametoroka! "Mshono uko wapi?" Wakaonyeshwa plasta nne ndogo. "Hawa hawajakupasua, wamekubandika!" Wakamfunga blanketi, wakamteremsha tena mpaka hapa Voi, wakamkabidhi kwa daktari kama mtoro wa shule.

Daktari Safaa hakuwafukuza. Aliwaketisha, na kwa ruhusa ya Tryphena akawawekea kanda ya upasuaji wenyewe. Wakaona kwa macho yao mawe yakitolewa. Kiongozi wao, Mama Kituku, akajishika ubavu, akasema, "Daktari, hata mimi huwa naumwa hapa."

Hapo ndipo foleni ilipoanza! Walimu wa Daktari wakatuachia mashine, na watu zaidi ya mia tatu, kutoka Mwatate hadi Miasenyi, wamepita mikononi mwake wakarudi mashambani na madukani kwa siku chache. Mzee Mansur, umetuzalia shujaa. Na nasikia ng'ambo wanafundisha roboti kushika kisu. Daktari, ukiiona, tuletee. Safari hii nitasikiliza kwanza.

Wageni waalikwa, nimekuja na kitabu chetu cha kumbukumbu. Mstari wangu ule bado umo. Naomba idhini yenu niusahihishe mbele ya Daktari kabla hajaondoka. Wanaokubali, nyosheni mikono. Tryphena, wewe nyosha yote miwili.

Imepita! Naandika: ombi limekubaliwa, mwenyekiti alikosea, na mke wake yu hai.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asante, Daktari. Asante, mwanangu.