Karatasi ya Mgongoni

Jumapili asubuhi, ndani ya basi la kwenda ziwani hapa Milwaukee, kiti cha mbele yangu, mzee mmoja aliyevaa fulana ya matembezi ya hisani alikuwa akimwambia mama aliyeketi kando yake ukweli ambao hakuulizwa. "Mimi, dada, natafuta mke. Watu wenye huruma, tena wenye miguu mizima, nitawapata wapi kwingine?"

"Ala! Kaka yangu Curtis anaishi na virusi vya UKIMWI huu mwaka wa thelathini, na wewe matembezi yake umeyageuza posa?"

"Nimechanga, na maili zote tatu nitazimaliza. Huyo Curtis anataka nini zaidi? Ninune?"

Mama akainama, akamchungulia mgongoni. Hapo palikuwa pamebandikwa karatasi iliyosema "Natembea kwa ajili ya", halafu nafasi tupu.

"Hebu geuka," mama akaamuru, akitoa kalamu.

"Unaandika nini?"

"Tulia!"

Basi likasimama. Mzee akashuka kifua mbele, nami nyuma yake nikasoma: "Curtis." Na chini, kwa herufi kubwa zaidi: "Pia natafuta mke."